Maji na Majirani: Mwongozo wa Kupanga na Kuishi katika Mitaa ya Zamani ya Mji wa Kyela

Swali ambalo wakazi wa Kyela, pamoja na wale wanaohamia huko kwa ajili ya kazi au biashara, wanaendelea kuliuliza ni moja: je, inafaa kupanga katika mitaa ya zamani inayozunguka soko na stendi, au ni heri kwenda pembezoni ambako nyumba ni mpya na viwanja ni vipana? Jibu la makala hii ni kwamba inafaa, tena sana, ilimradi mpangaji achunguze mambo mawili kabla ya mengine yote, nayo ni mahali maji yanakokwenda mvua inaponyesha, na watu atakaotumia nao ua mmoja. Rangi ya ukuta na vigae vya sakafuni huweza kubadilishwa wakati wowote, lakini hakuna mpangaji awezaye kuugeuza peke yake mkondo wa maji au mwenendo wa ua mzima.

Mtaa unaozungumziwa

Mtaa wa zamani ni eneo la makazi lililokua polepole kuzunguka kitovu cha biashara, ambamo nyumba zimebanana na vyumba vingi vya mbele vimegeuzwa fremu, yaani vyumba vya maduka vinavyofungukia barabarani. Nyumba ya kawaida ya aina hii ina baraza mbele, korido katikati, vyumba pande mbili, na nyuma yake ua wenye jiko, bafu na choo vinavyotumiwa na wapangaji wote.

Wanyakyusa ndio wengi, lakini katika ua mmoja mtu huweza kumkuta pia Mndali, Mkisi aliyetoka upande wa Ikombe, Mkinga mwenye duka, Mngonde mwenye ndugu pande zote mbili za Mto Songwe, na mtumishi wa umma aliyehamishwa kutoka mkoa wa mbali. Wamevutwa na mpaka wa Kasumulu, bandari za Itungi na Kiwira, biashara ya mchele unaosifika nchi nzima kwa harufu yake, na kakao. Wala kuishi na watu wasio ndugu si jambo geni kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza vijiji vya rika, ambamo vijana wa umri mmoja waliondoka kwa wazazi wao wakajijengea makazi yao, hata jirani akawa mtu wa karibu katika maisha ya kila siku kuliko ndugu wengi wa ukoo.

Hatua ya kwanza: kuyafuata maji

Mji wa Kyela umekaa kwenye tambarare ya chini inayopokea maji ya milima ya Rungwe na Livingstone, na mito kama Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hupita katika ukanda huu ikielekea ziwani. Mvua huanza takriban Novemba na kuendelea hadi Mei, na miezi mizito zaidi ni ile ya kuanzia Machi. Nyumba inayopendeza mwezi wa Septemba yaweza kuwa dimbwi mwezi wa Aprili, na kwa sababu hiyo ukaguzi ufuate utaratibu huu:

1. Nyumba ikaguliwe siku ya mvua au kesho yake. Ikiwa ni kiangazi, ukaguzi uelekezwe kwenye alama zilizoachwa na mvua zilizopita.
2. Sehemu ya chini ya ukuta wa nje na ya milango ya uani itazamwe kwa karibu. Mstari wa tope iliyokauka, rangi inayobanduka kwa kimo kilekile kuzunguka nyumba nzima, au ubao wa mlango uliooza ncha ya chini tu, huonyesha kimo ambacho maji yaliwahi kufika.
3. Sakafu ilinganishwe na barabara. Barabara nyingi huinuliwa kila zinapomwagiwa kifusi, ilhali nyumba ya zamani hubaki pale ilipojengwa, hivyo mvua ikinyesha barabara humwaga maji barazani.
4. Mtaro ufuatwe kwa miguu hadi unapoishia. Mtaro uliozibwa na takataka au na ukuta wa jirani huwa hauna faida hata kama mbele ya nyumba umesafishwa.
5. Waulizwe majirani wawili au watatu, hasa wazee na akina mama wanaopika uani, ni mwaka gani maji yaliingia ndani mara ya mwisho na yalikaa siku ngapi. Dalali asiulizwe swali hili, kwa kuwa ujira wake unategemea jibu.

Huenda msomaji akasema kwamba Kyela yote ni bondeni, kwa hiyo hakuna haja ya kuchagua. Ni kweli kwamba mji wote uko chini, lakini katika tambarare ya namna hii tofauti ya kimo cha goti kati ya nyumba mbili zilizotazamana hutosha kuifanya moja ilowe kila mwaka na nyingine ipitwe na maji pembeni.

Hatua ya pili: kukagua kuta na paa

Nyumba za zamani zimejengwa kwa tofali mbichi, kwa tofali za kuchoma, au kwa mchanganyiko wa vyote viwili uliofunikwa kwa lipu, yaani tabaka la saruji na mchanga linalopakwa ukutani. Lipu huficha mengi, na aghalabu mpangaji hujua kilichomo ndani yake inapoanza kubanduka. Kuna jambo jingine lisilokumbukwa na wengi: Kyela iko ndani ya Bonde la Ufa, na mitetemeko iliyoitikisa Karonga, ng'ambo ya mpaka nchini Malawi, mwezi Desemba 2009 ni ushahidi kwamba ardhi ya ukanda huu haijatulia. Mambo ya kuangalia ni haya:

- Nyufa. Ufa mwembamba kwenye lipu si hatari kubwa. Ufa unaoshuka kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, hasa ukiwa mpana kiasi cha kuingiza kidole, huashiria kwamba msingi umetitia au ukuta umesogea.
- Linta. Huu ni mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha na kuzifunga kuta pamoja. Nyumba isiyo na linta, yenye kuta ndefu za tofali mbichi, haifai kwa familia yenye watoto.
- Mchwa. Fremu za milango na mbao za paa zigongwe kwa kidole. Mlio wa uwazi au vumbi laini chini yake ni dalili kwamba mbao zimekwisha kuliwa.
- Joto. Bati tupu bila dari hufanya chumba kisikalike mchana wa Oktoba na Novemba, na kelele za mvua huzuia watoto kusoma. Mpangaji aulize nani atagharimia dari kabla ya kuingia.

Hatua ya tatu: choo, maji ya kunywa na mbu

Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, shimo la choo huweza kujaa wakati wa masika na uchafu wake kupenya hadi kwenye kisima. Umbali unaopendekezwa mara nyingi na wataalamu wa afya kati ya choo cha shimo na kisima ni mita 30, na katika mitaa iliyobanana ni nadra umbali huo kupatikana. Kwa sababu hiyo maji ya kisima cha uani yatumike kufulia na kuoshea vyombo, na yale ya kunywa, hata ya bomba, yachemshwe au yatiwe dawa, hususani wakati wa mvua ambapo kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara hupata njia rahisi.

Kabla ya kulipa chochote, mpangaji ahesabu kaya zinazotumia choo kimoja na kuuliza kilinyonywa au kuchimbwa upya lini. Kwa upande wa malaria, kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa, madirisha yawekewe wavu, na madumu, makopo na matairi yanayotuamisha maji uani yaondolewe kila wiki. Mwenye homa aende kupimwa siku hiyohiyo badala ya kununua dawa kwa kubahatisha.

Hatua ya nne: dalali, kodi na mkataba

Vyumba vingi hupatikana kupitia kwa dalali, ambaye kwa desturi hudai ujira unaolingana na kodi ya mwezi mmoja, na wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo kiwango cha kodi hutegemea makubaliano, na makubaliano yasiyoandikwa humlinda mwenye nguvu. Mpangaji anashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Akutane na mwenye nyumba mwenyewe. Nyumba nyingi za zamani ni za urithi, na huweza kutokea kwamba kaka mmoja anapokea kodi huku dada zake wakidai kwamba hawakushirikishwa. Katika hali hiyo adai barua ya msimamizi wa mirathi, yaani mtu aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mali ya marehemu, au makubaliano yaliyotiwa saini na warithi.
2. Asilipe fedha ya kushika chumba kabla ya kukiona kikiwa wazi na kukabidhiwa ufunguo.
3. Alipe kwa benki au kwa simu, ili ushahidi wa malipo ubaki. Akilipa fedha taslimu, apewe stakabadhi yenye jina, tarehe, kiasi na miezi iliyolipiwa.
4. Aandike mkataba hata kama ni wa ukurasa mmoja. Uwemo muda wa upangaji, kiasi cha kodi, muda wa notisi kwa kila upande, mgawanyo wa gharama za matengenezo, idadi ya watu watakaotumia choo, na hatima ya kodi iliyobaki iwapo mafuriko yatafanya chumba kisikalike.
5. Aorodheshe kasoro zilizopo siku ya kuingia na kuzipiga picha, ili asije akadaiwa gharama ya ufa aliokuta.

Kipengele cha mafuriko ndicho kinachosahaulika zaidi, nacho ndicho chenye maana kubwa kuliko vyote kwa mpangaji wa Kyela aliyelipa mwaka mzima mwezi Januari.

Hatua ya tano: umeme wa pamoja

Nyumba nyingi zina mita moja ya LUKU kwa wapangaji wote, na hapo ndipo ugomvi mwingi wa uani huanzia. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme, na kwa kuwa kodi hiyo ni wajibu wa mwenye nyumba, wapangaji wakubaliane naye mapema namna atakavyoirejesha au kuipunguza kwenye kodi ya pango. Mgawanyo wa umeme uzingatie vifaa. Mwenye friji na pasi asichange sawa na mwenye taa moja na chaji ya simu. Njia iliyo nyoofu zaidi ni kufunga mita ndogo ya kila chumba, na kubandika ukutani orodha ya nani amenunua umeme, lini na wa kiasi gani.

Hatua ya sita: kujitambulisha

Katika mji mdogo kama Kyela, ngazi ya chini kabisa ya utawala ni kitongoji. Mpangaji mpya ajitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji katika wiki ya kwanza akiwa na kitambulisho na nakala ya mkataba, kwa sababu barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti au kumdhamini ndugu huanzia hapo. Balozi wa nyumba kumi, ambaye kwa asili ni kiongozi wa chama, naye ni mtu wa kufahamiana naye, ingawa barua yake haichukui nafasi ya ile ya serikali. Anayetoka Malawi au nchi nyingine ahakikishe kwamba kibali chake cha ukaazi kiko halali, na mwenye nyumba asimpokee kwa maneno matupu, kwani mji huu uko karibu na mpaka na ukaguzi wa Uhamiaji ni jambo la kutarajiwa.

Hatua ya saba: kuishi na ua

Ua wenye kaya tano za makabila na dini mbalimbali huendeshwa kwa desturi ambazo hakuna aliyeziandika, na mgeni huhukumiwa kwa kuzijua au kutozijua. Zilizo muhimu ni hizi:

- Salamu. Kupita barazani bila kusalimu huhesabiwa dharau. Kwa mzee wa Kinyakyusa, mgeni anayejifunza kusema "ugonile" asubuhi na "ndaga" anapopewa kitu hufunguliwa milango mingi kuliko mwenye kutoa zawadi.
- Misiba. Hakuna mahali ujirani unapopimwa kwa uzito kama msibani. Wanyakyusa huuthamini sana msiba, na jirani hutarajiwa kufika, kukaa, kuchanga fedha au mchele, na kusaidia kuteka maji au kuandaa chakula. Kutuma mchango kwa simu huku mtu amejifungia chumbani hakuhesabiwi kuwa ni kufika.
- Zamu. Usafi wa choo, ua na mtaro uwe na zamu iliyobandikwa ukutani, na asiyeweza kwa sababu ya kazi alipe mtu wa kumshikia zamu yake badala ya kuwaachia wengine.
- Dini na vyakula. Anayepika kitimoto au kuuza pombe ya kienyeji akubaliane kwanza na wenzake kuhusu vyombo, jiko na saa, na anayeswali au anayefanya maombi ya usiku afanye vivyo hivyo kuhusu sauti.
- Baraza. Sehemu hii ya mbele ni ya wote, kwa hiyo hairuhusiwi kugeuzwa stoo ya magunia ya mtu mmoja.

Huenda ikasemwa kwamba mambo haya yanamnyima mtu faragha. Pingamizi hilo lina ukweli, na asiyeweza kabisa kuvumilia kuulizwa alikolala jana atafute nyumba yenye uzio. Hata hivyo, jirani anayeuliza ndiye anayeanua mpunga uliotandazwa kwenye turubai mvua inapoanza ghafla mwenyewe akiwa sokoni, anayempeleka mtoto mwenye degedege hospitali usiku, na anayemzuia mgeni asiyejulikana langoni.

Kelele, vumbi na misimu

Msimu wa mavuno ya mpunga, mashine za kukoboa hufanya kazi hadi usiku, malori hupakia magunia alfajiri, na vumbi la pumba huingia katika kila ufa. Mwenye pumu asipange karibu na mashine kwa sababu tu kodi yake ni ndogo. Kadhalika, chumba kinachopakana na baa au stendi kitembelewe usiku wa Jumamosi kabla ya kukubaliwa, kwani utulivu wa saa nne asubuhi si kipimo.

Mgogoro unapotokea

Mgogoro uanze kutatuliwa na wahusika wenyewe mbele ya mzee wa ua au mwenyekiti wa kitongoji. Usipokwisha, upelekwe Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi na nyumba ni kusuluhisha tu, si kutoa hukumu. Suluhu ikishindikana, au siku 30 zikipita bila suluhu, shauri huweza kufikishwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katika muda wote huo mpangaji asiache kulipa kodi kwa hasira, na mwenye nyumba asing'oe bati wala kukata umeme ili kumfukuza mtu, kwa kuwa vitendo hivyo huwapokonya haki waliyokuwa nayo.

Je, si bora kuhamia ufukweni?

Wengine huona kwamba badala ya kubanana mjini ni vyema kujenga kando ya ziwa, upande wa Matema au Itungi. Anayefikiri hivyo akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na kwamba kina cha Ziwa Nyasa hupanda na kushuka kwa miaka. Tena, barabara, soko, hospitali na usafiri ambavyo mjini viko umbali wa kutembea kwa miguu, huko ufukweni hugharimu nauli ya kila siku, ambayo kwa mwaka huweza kuzidi tofauti ya kodi.

Makosa yanayorudiwa

- Kupanga wakati wa kiangazi na kulipa mwaka mzima bila kuuliza habari za masika.
- Kuamini lipu mpya na rangi mbichi, ambazo pengine zimepakwa kuficha alama ya maji.
- Kumlipa mrithi mmoja bila ridhaa ya wengine.
- Kuinua sakafu ya chumba kimoja kwa kifusi, hatua inayosukuma maji kwa jirani na kuzua uadui wa kudumu.
- Kubomoa baraza ili kuongeza fremu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hailindi kila nyumba iliyozeeka, kwa hiyo utunzaji wa nyumba hizi umo mikononi mwa wenyewe na wapangaji wao, na baraza likishavunjwa ua hupoteza mahali pake pa kukutania.
- Kungoja kufiwa ndipo mtu atafute majirani.

Pa kuanzia

Anayetaka kuhamia aanze na mambo matatu wiki hii: atembee mtaa anaoupenda mvua ikinyesha, azungumze na majirani watatu bila dalali kuwepo, na aandike rasimu ya mkataba yenye kipengele cha mafuriko. Anayeishi huko tayari aitishe kikao cha ua kabla ya Novemba, wakubaliane siku ya kuzibua mtaro pamoja na nani atamsaidia mzee au mjane asiye na wa kumhamishia vyombo maji yakija. Mitaa ya zamani ya Kyela ina thamani kwa sababu watu waliotoka pande nyingi wamejifunza kuibeba mizigo ya namna hiyo kwa pamoja, na kila mpangaji mpya ana wajibu wa kuushika upande wake.